Niliachika Mara Mbili, Mshahara Ukabaki na Mume

Simu alipiga yeye. Ilikuwa Oktoba 2023, saa moja na nusu asubuhi, nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nimekaa garini nangoja kioo kiachie ukungu. Baba watoto hakuwa na kawaida ya kunipigia asubuhi. Tukizungumza ni Ijumaa jioni, habari za watoto, maneno ya kuhesabu.

"Mama watoto," akasema, "kumbe sisi hatujaachana."

Nilidhani anatafuta rejea. Nikamwambia eda ilishapita zamani, na hata kitasa cha mlango nilishabadilisha. Akasema siyo hivyo. Amepata mchumba huko Louisville, wamekwenda ofisi ya kaunti kuchukua leseni ya ndoa, akaulizwa ndoa ya kwanza ilivunjwa lini na mahakama gani. Tarehe anayo. Mahakama ya kutaja hana.

"Kwa hiyo inabidi tuachane tena."

Nilicheka peke yangu garini mpaka machozi. Sikujua kwamba nyumbani, kwenye droo ya jikoni, chini ya mifuko ya plastiki tunayojiwekea kama hazina, kulikuwa na barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ambayo ingenitoa machozi ya namna nyingine kwa jambo hilo hilo.

Turudi nyuma kidogo. Tulioana Tanga mwaka 2009, sheikh akafungisha, cheti tukapata. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitambua ndoa hiyo, na Marekani nayo inaitambua ndoa iliyo halali kule ilikofungwa. Tulipohamia Columbus, Ohio, tukaanza kufaili kodi pamoja kama mke na mume, na hakuna aliyetuuliza swali. Kuingia, cheti cha Tanga kilitosha. Shida ilikuwa kutoka.

Machi 2022 akanipa talaka, mbele ya sheikh na mashahidi wawili, sebuleni kwetu, chai ikiwa kwenye chupa na hakuna aliyeigusa. Nikakaa eda. Na kama dini inavyotaka, eda niliikalia nyumbani kwangu. Yeye akalala kwenye kochi, watoto wakaambiwa baba anaumwa mgongo. Eda ikaisha, naye bado hajapata chumba. Akaondoka tarehe 14 Agosti. Nawaomba tarehe hiyo muiweke pembeni, nitaihitaji.

Baada ya hapo, kwa akili yangu na kwa kila mtu ninayemjua, mimi ni mwanamke niliyeachika. Msikitini wanajua, kazini wanajua, mama Tanga kashalia kamaliza. Februari 2023 nikaenda kufaili kodi ya mwaka 2022 kwa ndugu yetu mmoja anayefanyia watu kazi hiyo nyuma ya duka. Wengi tunamwendea kwa sababu anazungumza lugha yetu na rifandi anazotoa, yaani fedha za kodi unazorudishiwa, ni nono. Akaniuliza, "Umeolewa?" Nikajibu, "Nimeachika." Hakuuliza lingine. Akaandika mkuu wa kaya, ile hadhi ya asiye na ndoa anayebeba nyumba yenye watoto, akaandika watoto wawili, akachukua dola 300 zake. Hakutia sahihi mahali popote. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba anayelipwa kumjazia mtu ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, lazima aitie sahihi na namba yake ya IRS, na kwamba kwa hadhi ile na nafuu zile alipaswa kunihoji kama hakimu kabla ya kuandika chochote. Ya kwangu ilionyesha nimejijazia mwenyewe.

Rifandi ilikuwa kama dola 4,460. Mshahara wangu mwaka ule ulikuwa dola 38,000 kwa kuwaogesha wazee wa watu na kuwageuza kitandani. Mnielewe nilivyofurahi. Nikanunua matairi ya majira ya baridi, nikatuma nyumbani, na zilizobaki sizikumbuki zilikokwenda.

Agosti ile ikaja barua. Namba yake pembeni chini imeandikwa CP87A. Inasema kuna mtu mwingine amefaili akiwadai watoto wale wale, na kwamba kila mmoja aangalie ritani yake. Aliyekosea arekebishe, asiyekosea anyamaze. Baba watoto naye alikuwa amepeleka ya kwake kwa posta, kaandika hajaoa, watoto wote wawili wa kwake. Mimi nikajiambia, watoto wanalala kwangu, wanakula kwangu, shule wanapelekwa na mimi. Aliyekosea ni yeye. Nikaitia droo.

Kwa habari ya watoto nilikuwa sahihi. Walikaa na mimi zaidi ya nusu mwaka, zaidi ya walivyokaa naye. Kosa langu lilikuwa mstari wa juu kabisa wa fomu, ule wa kama una ndoa au huna, nisioutilia maanani kwa sababu nilidhani jibu lake naliishi.

Basi tukaenda kuachana mara ya pili. Ohio ina njia ya wanandoa waliokubaliana kila kitu: mnapeleka ombi la pamoja mkiwa mmeshaandika mapatano yenu, kisha mnaitwa mbele ya hakimu si chini ya siku 30 wala si zaidi ya siku 90 tangu mlipofungua. Tulifungua katikati ya Novemba 2023. Tukapangiwa tarehe 17 Januari 2024. Siku ile baridi ilikuwa ya kukata masikio. Hakimu alituuliza kama tumesoma tulichosaini na kama kila mmoja anaridhika. Dakika kumi, kumi na tano. Talaka ya kwanza, ile ya chai isiyonyweka, iliniumiza zaidi kuliko hii, lakini hii ndiyo iliyokuwa na muhuri.

Kwenye mapatano tuliandika watoto wanakaa kwangu, yeye analeta matumizi kila mwezi, na kuanzia mwaka 2024 mtoto mkubwa yeye ndiye atakayemdai kwenye kodi, mdogo nitamdai mimi. Jambo hili la mwisho nilikubali haraka haraka ili yaishe. Sikujua lina bei gani.

Februari 2024 sikurudi nyuma ya duka. Mwenzangu wa zamu, Mkongo wa Bukavu, aliniambia maktaba ya karibu na kwake kuna watu wa VITA, ule mpango wa kujitolea ambao IRS inausimamia, wanafaili bure kwa wenye kipato kama chetu. Nikabeba bahasha yangu. Kwenye meza ya tatu nikamkuta mama mtu mzima, mtandio umekaa vizuri, miwani kwenye ncha ya pua, anamwelekeza kijana wa Kisomali. Zamu yangu ilipofika akasoma jina langu kwenye fomu, akanitazama juu ya miwani.

"Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Tanga. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi wa Mombasa, lakini usinihesabie. Haya, lete."

Alikuwa mhasibu wa bandarini miaka mingi, amestaafu, anaishi na binti yake. Akachambua bahasha kama anachambua mchele. Alipofika kwenye CP87A akasimama.

"Hii ya Agosti. Leo Februari. Umeilalia?"

Nikamweleza kisa chote: talaka, eda, kochi, Louisville. Hakutikisa kichwa wala hakusema pole. Akachukua penseli, akauliza swali ambalo hata hakimu hakuniuliza.

"Alitoka ndani ya nyumba tarehe ngapi?"

"Kumi na nne Agosti."

Akaiandika, akaizungushia duara. "Angetoka Juni ningekuokoa."

Alivyonieleza ndivyo hivi. Kwa IRS, swali ni je, usiku wa tarehe 31 Desemba umelala ukiwa mke wa mtu au la. Kama siku ile hukumu ya mahakama haijatoka, wewe ni mke wa mtu mwaka mzima, hata kama sheikh alishamaliza kazi yake Machi. Na kama hukumu imetoka hata tarehe 30 Desemba, hukuwa mke wa mtu mwaka mzima, hata kama mlilala chumba kimoja mpaka Novemba. Mwaka haukatwi vipande.

Upo mlango mmoja wa pembeni. Mtu mwenye ndoa anaweza kuhesabiwa kama hana, na akafaili kama mkuu wa kaya, iwapo mwenzake hakuishi ndani ya nyumba ile katika miezi sita ya mwisho ya mwaka, na yeye ndiye aliyebeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, na mtoto wake ameishi humo zaidi ya nusu mwaka. Miezi sita ya mwisho inaanza tarehe 1 Julai. Baba watoto alikuwa kwenye kochi langu mpaka katikati ya Agosti. Eda yangu, niliyoikaa kwa adabu zote, pamoja na uvivu wake wa kutafuta chumba, vilinifungia mlango huo.

Kwa hiyo mwaka 2022 nilikuwa na njia mbili tu: kufaili pamoja naye, au kufaili kama mwenye ndoa anayefaili peke yake. Hiyo ya pili ndiyo hadhi inayopewa makombo: ile nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini, EITC, kwa hali yangu iliondoka yote, na kiwango kisichotozwa kodi kikashuka kutoka dola 19,400 za mkuu wa kaya mpaka 12,950.

"Kwa nini usifaili naye pamoja, mrekebishe nyote wawili?" akaniuliza. "Bado mna muda."

Nikamwambia baba watoto alikuwa na kazi za pembeni za kupeleka vyakula usiku, hesabu zake anazijua yeye na simu yake.

Akaweka penseli chini. "Basi hapana. Ritani ya pamoja mkitia sahihi, deni lake ni lako lote, siyo nusu. Na waweza kutoka kwenye peke yako ukaenda kwenye pamoja. Ukishafaili pamoja na muda wa kufaili umepita, kurudi peke yako hakuna."

Tukajaza 1040-X, fomu ya kurekebisha. Rifandi halali ya 2022 ilikuwa karibu dola 1,200. Nilichukua 4,460. Nikatakiwa kurudisha kama dola 3,260, na riba juu. Nilipoona ile namba nilihisi kama nimeiba. Mama akaniambia wanaofuata wenyewe kurekebisha hawatazamwi kama waliosubiri kukamatwa, na kwamba anayeonekana ameidai EITC kwa kutojali sheria anaweza kufungiwa asiidai miaka miwili. "Ungeiacha droo mwaka mwingine," akasema, hakumalizia.

Halafu akafungua faili la mwaka 2023 na uso ukabadilika, karibu atabasamu. Hapa ndipo pananishangaza mpaka leo. Tarehe 31 Desemba 2023 bado tulikuwa mke na mume. Hukumu ilikuja siku 17 baadaye. Lakini mwaka mzima hakulala kwangu hata siku moja. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi kabisa. Nikawa mkuu wa kaya kihalali, ndani ya ndoa. Yeye huko Louisville, asiye na mtoto nyumbani, akawa mwenye ndoa anayefaili peke yake. Ndoa ni moja, mwaka ni mmoja, hadhi mbili. Rifandi yangu ya mwaka ule, kwenye mshahara wa dola 41,000, ilikaribia 4,400. Ilipoingia nilichomoa deni la 2022 na riba yake kabla sijanunua hata sukari.

Nilimpelekea Mama visheti Jumamosi iliyofuata. Hakuvichukua. Wanaojitolea hawaruhusiwi kupokea malipo, na yeye visheti alivihesabu kuwa malipo. Tukavila mimi na kijana wa Kisomali.

Kabla sijaondoka siku ile ya kwanza aliniambia jambo moja zaidi, na sasa ndipo kosa linapokuwa langu peke yangu, bila mtu wa nyuma ya duka wala baba watoto. Aliniambia: "Nenda kazini ukabadilishe W-4, ile fomu ya makato ya kodi. Walitaka ndani ya siku kumi baada ya hukumu, na hizo zimeshapita. Usichelewe." Nikasema ndiyo mama. Nikaandika kwenye simu. Nikasahau.

Hapa wasomaji walio nyumbani watanishangaa, kwa hiyo nieleze. Tanzania PAYE haikuulizi kama umeolewa. Mshahara ni mshahara, mwajiri anakata kwa jedwali moja na wewe mwenye mshahara tu kwa kawaida hujazi kitu. Kenya nako kila mtu ana nafuu yake ile ile ya shilingi 2,400 kwa mwezi, awe na mke, wake au paka. Tofauti ni kwamba ritani utajaza mwenyewe, mwisho Juni 30. Huku Marekani mwajiri anakata kwa kufuata ulichomwambia kwenye fomu ya W-4. Hapigi simu mahakamani. Hajui kama umeolewa, umeachika au umefiwa. Ulichoandika siku ya kuanza kazi ndicho atakachoamini mpaka umwambie vingine.

Yangu niliijaza mwaka 2020, ilipobadilishwa ikawa ya hatua tano. Hatua ya kwanza: mwenye ndoa, tunafaili pamoja. Hatua ya tatu: watoto wawili, dola 4,000. Wakati ule ilikuwa kweli tupu.

Sasa tazama slipu yangu ya mwaka 2024, ninayo hapa. Wiki mbili, dola 1,576.92. Social Security 97.77. Medicare 22.87. Jiji la Columbus, asilimia mbili na nusu, 39.42. Ohio nayo vijidola vyake. Na mstari wa kodi ya serikali kuu: 0.00.

Sifuri. Na imekuwa sifuri miaka, sikuwahi kuiona. Kwa sababu makato yalikuwa mengi, mistari imepangana, nikadhani serikali zote zimeshakula zikashiba. Kumbe aliyepaswa kula zaidi hajaguswa. Kompyuta ya mshahara ilikuwa inafanya hesabu hivi: huyu mama ana mume, wanafaili pamoja, dola 29,200 za kwanza hazitozwi, kwenye zinazobaki kodi ni kama 1,180, na ana watoto wawili wa dola 4,000. Hakuna cha kukata. Hesabu sahihi kabisa, kwa mwanamke ambaye hayupo.

Machi 2024 nikaongeza kazi ya wikendi kwa wakala mmoja, kwa sababu matumizi ya watoto yalikuwa yanakuja kama mvua ya vuli. Huko kwenye W-4 nikajidai mjuzi: mkuu wa kaya, safi. Lakini hatua ya pili, inayouliza kama una kazi zaidi ya moja, nikairuka. Kazi ile ikanilipa dola 17,000 mwaka ule. Kiwango kisichotozwa kwa mkuu wa kaya mwaka 2024 kilikuwa 21,900. Kompyuta ya pili ikasema, huyu hata hajafika. Ikakata sifuri. Kila kazi ilidhani ndiyo peke yake, kila moja ikanipa msamaha mzima, nami nina kichwa kimoja.

Machi 2025 nikarudi maktaba, nimejiandaa kwa rifandi. Mama alikuwepo, amekonda kidogo. Akaingiza W-2 mbili, karatasi za mshahara wa mwaka za kazi zangu mbili, jumla dola 58,000. Akaingiza mtoto mdogo. Mtoto mkubwa, kwa mapatano, nilishasaini fomu 8332 nikampa baba yake.

Hapa niseme kitu ambacho wengi wanakichanganya. Kumpa mwenzako mtoto kwa 8332 si kumpa kila kitu. Anachopata ni ile nafuu ya mtoto, mwaka ule dola 2,000. Hadhi ya mkuu wa kaya haihami, inabaki kwa anayeishi na mtoto. EITC nayo haihami. Nimeona kina baba wakiambiana sasa mtoto wangu basi na mimi mkuu wa kaya, hapana. Na matumizi anayoyaleta hayamkatii kodi yake, na mimi nikiyapokea si mapato ya kutozwa. Hata EITC ambayo haikuhama, mimi kwa watoto wawili ilikomea kwenye dola 55,768 mwaka ule. Kazi ya wikendi ilinivusha mstari.

Akamaliza. Akageuza kioo cha kompyuta niangalie mwenyewe.

Ninadaiwa dola 2,001.

"Mama, hapo kuna kosa."

"Kosa lipo, ila si la kompyuta. Nikupigie hesabu kwa mkono?" Akanipigia. Hamsini na nane elfu, toa 21,900, inabaki 36,100. Dola 16,550 za kwanza kwa asilimia 10, zilizobaki kwa 12. Inakuja 4,001. Toa 2,000 za mtoto mmoja. Kisha akanyosha mkono. "Slipu ya mwisho ya Desemba." Nikampa. Akaweka kidole kwenye zile sifuri, akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Nilikwambia nini mwaka jana?"

"W-4, mama."

"Ukaenda?"

Mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, niliangalia chini kama mtoto wa chuoni aliyesahau kukariri.

Lakini akaniokoa na kitu kimoja. Anayedaiwa dola 1,000 au zaidi wakati wa kufaili anaweza kupigwa adhabu ya kutolipa kidogo kidogo mwaka mzima. Mimi mwaka uliotangulia, baada ya nafuu za watoto, kodi yangu ilikuwa sifuri, na aliyekuwa na sifuri mwaka uliopita hapigwi. "Umeponea chupuchupu," akasema. "Na ni mara moja. Mwaka huu kodi yako ni 2,001, kwa hiyo mwakani hutakuwa na pa kujificha." Nikalilipa deni lile kwa awamu, ziko taratibu za IRS mtandaoni za kulipa ndani ya siku 180 bila ada ya kufungua, ingawa riba inaendelea kutembea.

Safari hii sikwenda nyumbani. Nilikaa kwenye maegesho ya maktaba, nikafungua tovuti ya kazini kwa simu, nikabadilisha W-4 pale pale. Ilichukua dakika tano, na nilikuwa nimeikwepa mwaka mzima na zaidi. Hatua ya kwanza, mkuu wa kaya. Hatua ya tatu, mtoto mmoja, na iandikwe kwenye kazi moja tu, ile inayolipa zaidi. Kule kwa wakala nikaacha wazi. Hatua ya pili ina kisanduku cha kuweka alama kwenye kazi zote mbili, lakini kinafaa zaidi kazi zinapolingana malipo. Za kwangu zinapishana mno, na hapo kinaweza kukata zaidi ya inavyotakiwa. Mama alishanipa njia nyepesi: hatua ya nne, kifungu cha mwisho, unaandika kiasi cha ziada wakukatie kila cheki. Hata na hadhi sahihi, kazi kubwa peke yake ingeendelea kukata sifuri, kwa hiyo ziada ile ndiyo ingebeba kodi yote. Mpaka mabadiliko yaanze zilikuwa zimebaki cheki 18. Tukaweka dola 110.

Cheki ya kwanza iliuma. Dola 110 kwa mtu anayehesabu mafuta ya gari si mchezo, nikapunguza kutuma nyumbani na nikagombana na kaka yangu kwa hilo. Lakini ule mstari ulikuwa na namba. Nilipiga picha.

Julai 2025 sheria ikabadilika, kiwango cha mkuu wa kaya kikapanda mpaka 23,625 na nafuu ya mtoto ikawa 2,200, wakati makato yangu yalishapangwa kwa viwango vya zamani. Kwa mapato yale yale nikawa nimekatwa 1,980 na kodi ni 1,585. Mwaka huu nimerudishiwa dola 395. Nimezifurahia kuliko zile 4,460.

Wiki iliyopita tulikuwa chumba cha mapumziko, saa tisa usiku, dada mmoja wa Kisumu akatuambia mume wake ameondoka. Wenzangu wakamzunguka, huyu anauliza kwa nini, yule anauliza na nani. Mimi nikajikuta nimeuliza swali la Mama wa maktaba.

"Alitoka tarehe ngapi?"

Wakanigeukia kama nimekosa adabu. Yeye akafikiri.

"Julai mbili," akasema.

Nikavuta kiti.